Tingatinga: Mchoraji wa kando ya barabara aliyemezwa na jina lake

UKIMTAJIA mkulima wa Kesses neno tingatinga, picha ya kwanza itakayomjia akilini ni ya trekta likipasua ardhi msimu wa kupanda mahindi na ngano unapokaribia. Katika kaunti ya Uasin Gishu, ambako mashine hizo ni sehemu ya maisha ya kila siku, neno hilo halina fumbo lolote.

Hata hivyo, kusini mwa Kesses, nchini Tanzania, neno lilo hilo lina maana ya pili. Ni jina la picha za rangi kali, zenye chui wa madoadoa, tembo, tausi na mibuyu, ambazo huuzwa katika maduka ya watalii kutoka Dar es Salaam na Zanzibar hadi Nairobi na Mombasa.

Wengi wa wanaozinunua picha hizo hawajui kwamba Tingatinga alikuwa mtu. Hawajui kwamba alikuwa kibarua wa mkonge, mtumishi wa nyumbani, mchuuzi na mhudumu wa hospitali. Kwamba alichora kwa muda wa miaka minne hivi tu. Na kwamba alikufa kwa risasi ambayo haikukusudiwa yeye.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo, si mbali na Mto Ruvuma unaoitenga na Msumbiji. Mama yake alikuwa Mkristo na baba yake Mwislamu. Majina yake mawili ya kwanza, Edward na Saidi, yanabeba alama za imani zote mbili.

Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Elimu aliyoipata haikuvuka shule ya msingi, na hakuna mahali alipofundishwa kuchora.

Kusini mwa Tanganyika katika miaka hiyo palikuwa mahali pa kuondoka. Barabara zilikatika mvua iliponyesha, na viwanda havikuwepo. Mpango mkubwa wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga, uliofikishwa hadi Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, uliporomoka baada ya miaka michache tu na kuwaacha wenyeji mikono mitupu.

Kijana aliyehitaji fedha za kodi, za nguo au za mahari alilazimika kuzifuata mbali. Kwa wengi, safari hiyo iliishia Tanga, kwenye mashamba ya mkonge.

Tanganyika ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mkonge duniani, na mashamba hayo yalimeza vijana kutoka kila pembe ya nchi. Vibarua walioletwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake badala ya jina. Kazi ilikuwa kukata majani yenye miiba mikali, kuyafunga mafungu na kuyahesabu, kutwa nzima juani.

Tingatinga alikuwa mmoja wa vijana wa kusini waliofika Tanga kutafuta riziki kwenye mkonge katika miaka ya 1950. Kutoka huko alielekea Dar es Salaam mwishoni mwa mwongo huo, ambako ndugu na jamaa wa kusini walikuwa wamekwisha kutangulia. Alipata kazi ya utumishi katika nyumba ya afisa Mwingereza, akitunza bustani na kufanya shughuli nyinginezo za nyumbani.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, maafisa wengi wa kikoloni walifungasha virago, na ajira za namna hiyo zikapungua. Tingatinga akajikuta katika kundi kubwa la watu wa mjini wasio na kazi ya kudumu.

Kwa miaka kadhaa aliishi kwa kubangaiza. Alifanya vibarua vya ujenzi, akachuuza matunda na mboga. Alipenda pia muziki, na alishiriki katika kikundi cha ngoma pamoja na watu wa nyumbani kwao kusini. Maskani yake yalikuwa Msasani, kijiji cha wavuvi kilichokuwa kikimezwa polepole na jiji, jirani kabisa na mtaa wa kifahari wa Oysterbay.

Ujirani huo ndio uliokuja kubadilisha maisha yake. Oysterbay ilikuwa makao ya mabalozi, wataalamu na walimu kutoka ng'ambo, watu wenye fedha za kigeni na kuta nyeupe zisizo na mapambo. Kituo chao cha kununulia mahitaji kilikuwa duka lililojulikana kama Morogoro Stores.

Mnamo mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36 hivi, Tingatinga alianza kuchora.

Kilichomsukuma kimezua mjadala miongoni mwa wataalamu wa sanaa hadi leo. Wako wanaosema kwamba aliona picha za wachoraji kutoka Kongo, ambazo zilikuwa zikichuuzwa barabarani Dar es Salaam katika miaka ya 1960, akatambua kwamba kazi ya namna hiyo inaweza kumpatia mtu mkate wake.

Wengine wanaitafuta asili ya sanaa yake kusini alikozaliwa. Wanakumbusha kwamba watu wa eneo hilo walikuwa na desturi ya kupamba kuta za nyumba zao kwa michoro ya wanyama na watu. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyezuru kusini mwaka 1906, alikusanya michoro ya wenyeji na kuichapisha katika kitabu chake.

Yamkini pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Mtu anaweza kujifunza biashara mjini, na bado mkono wake ukakumbuka ukuta wa nyumbani.

Lisilo na shaka ni kwamba Tingatinga hakuwa na uwezo wa kununua turubai wala rangi za wasanii, ambazo zilitoka ng'ambo na kuuzwa kwa bei ghali. Alitumia kilichopatikana katika duka la vifaa vya ujenzi. Alinunua mbao nyembamba za dari, zile ambazo mafundi huziita silingibodi, akazikata vipande vya mraba vya takriban sentimita 60 kila upande.

Rangi zake zilikuwa rangi za mafuta za makopo, aina ile ile inayopakwa milango, madirisha na baiskeli. Rangi hiyo hung'aa, hustahimili unyevu wa pwani na haihitaji kioo cha kuifunika. Kasoro yake ni kwamba hukauka polepole na haichanganyiki kwa urahisi, hivyo mchoraji hulazimika kuitumia jinsi inavyotoka koponi.

Kasoro hiyo Tingatinga aliigeuza kuwa mtindo. Kwanza alipaka ubao mzima rangi moja au mbili, akaacha ukauke. Kisha katikati alimchora mnyama mmoja mkubwa, kifaru, nyati au chui, akiujaza ubao karibu hadi kingo zake. Mwishowe alimpamba mnyama huyo kwa madoa na mistari, moja baada ya nyingine, kwa subira ya mtu anayesuka mkeka.

Wanyama wake hawafanani na wale wa picha za mbugani. Mara nyingi macho ni makubwa na yanamkodolea mtazamaji, miguu ni mifupi, na mkia unapinda kuifuata kona ya ubao. Hakuna kivuli wala umbali. Chui wake yuko mbele ya mtazamaji, kama mnyama wa ngano zinazosimuliwa usiku kando ya moto.

Afrika Mashariki ilikuwa tayari na wachoraji waliosomea sanaa. Sam Ntiro, Mtanzania aliyehitimu Makerere na baadaye London, alikuwa amekwisha kuiwakilisha nchi yake kama balozi nchini Uingereza. Elimo Njau, Mtanzania mwingine aliyetoka Makerere, alikuwa ameanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965.

Tingatinga hakutoka katika safu hiyo. Yeye alikuwa mchuuzi aliyepanga mbao zake nje ya duka, watu wakipita na vikapu vyao. Jumba lake la maonyesho lilikuwa kando ya barabara, na mhakiki wake alikuwa mteja aliyesimama, akatazama na kuamua kutoa shilingi zake au kwenda zake.

Wateja walisimama. Wageni wa Oysterbay walizinunua picha hizo, wakazitundika sebuleni na kuzibeba mikataba yao ilipokwisha. Kwa njia hiyo, chui na nyati wa mtu ambaye jina lake halikujulikana nje ya Msasani walianza kusafiri hadi Ulaya.

Biashara ilipochangamka, Tingatinga hakuificha siri yake. Aliwakusanya vijana wa ukoo wake na wa nyumbani kwao kusini, akawafundisha jinsi ya kuandaa ubao, kupaka usuli na kupanga madoa. Miongoni mwao walikuwa Simon Mpata, Kasper Henrik Tedo, Adeusi Mandu, January Linda na Ajaba Abdallah Mtalia.

Hapakuwa na karo wala cheti. Mwanafunzi alianza kwa kusaidia, akaendelea kwa kuiga, na hatimaye akachora ubao wake mwenyewe. Ndivyo mafundi seremala, washonaji na wahunzi wa Afrika Mashariki walivyorithishana kazi tangu jadi. Tingatinga aliupeleka utaratibu huo kwenye uchoraji.

Serikali nayo ilianza kumwona. Tanzania ilikuwa imepitisha Azimio la Arusha mwaka 1967, na mashirika ya umma yalikuwa yakianzishwa katika karibu kila sekta. Kampuni ya taifa ya sanaa, iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, ilianza kununua na kuuza kazi zake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mchuuzi wa kando ya barabara akawa na mnunuzi wa kutegemewa.

Katika kipindi hicho hicho alipata kazi ya mshahara katika Hospitali ya Muhimbili, akiwa mhudumu wa wodi. Uhusiano wake na hospitali umeacha alama katika baadhi ya kazi zake, kwani hakuchora wanyama peke yao. Alichora pia watu, wagonjwa na waganga.

Alikuwa amemwoa Agatha Mataka, na nyumba yao ilikuwa na watoto. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke Tunduru, mambo yalikuwa yanamnyookea: ajira ya kudumu, soko la picha, wanafunzi waliomzunguka na mke wa kushirikiana naye maisha.

Neema hiyo haikudumu. Usiku mmoja wa mwaka 1972, Tingatinga alikuwa ndani ya gari pamoja na marafiki zake jijini Dar es Salaam. Polisi, wakidhani kwamba gari hilo lilikuwa limebeba wahalifu waliokuwa wakitoroka, walilifyatulia risasi. Tingatinga alipigwa na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi.

Kifo hicho hakikutikisa taifa. Aliyekufa alikuwa mhudumu wa wodi mwenye kipaji cha kuchora, mmoja wa maelfu ya watu wa kusini waliokuja mjini kutafuta maisha. Alichoacha kilikuwa picha zilizotawanyika katika nyumba za watu wasiomjua, na vijana wachache wenye brashi mikononi.

Vijana hao ndio walioliokoa jina lake. Waliendelea kuchora pale pale Oysterbay, wakajiunga pamoja kwa jina la mwalimu wao, nao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 wachoraji hao walikuwa na chama rasmi cha ushirika kilichobeba jina la Tingatinga, chenye wanachama wengi kuliko ambavyo mwanzilishi angeweza kuota.

Mtindo ulipanuka kadiri mikono ilivyoongezeka. Mnyama mmoja akawa kundi la wanyama, usuli wa rangi moja ukajaa miti na maua. Mohamed Charinda alipata sifa kwa picha za ngano na maisha ya kijijini, naye David Mzuguno akajulikana kwa misitu iliyosheheni ndege na rangi. Daudi, mwanawe Tingatinga, naye alishika brashi.

Kenya ina sehemu yake katika hadithi hii. Simon Mpata, ndugu yake Tingatinga, alihamia Nairobi na kuendeleza kazi huko hadi alipofariki mwaka 1984. Wapenzi wa sanaa wa Japani walivutiwa mno na picha zake, na hoteli ya Mpata Safari Club katika eneo la Maasai Mara imepewa jina lake.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2010, watoto wa Uingereza walianza kutazama kwenye runinga ya BBC katuni iliyoitwa Tinga Tinga Tales. Vipindi vyake, vilivyosimulia ngano za Kiafrika kuhusu asili ya maumbile na tabia za wanyama, vilitengenezwa na wachoraji na mafundi wa Nairobi, huku mwanamuziki Eric Wainaina akishiriki katika kutunga muziki wake. Wanyama wa madoadoa walioanzia kwenye mbao za dari Msasani sasa walikuwa wakitembea na kuzungumza.

Hapo ndipo jina la mtu lilipokamilisha safari yake ya kuwa nomino ya kawaida. Leo mtu husema amenunua tingatinga kama anavyosema amenunua kitenge au kikapu. Hahitaji kujua ni nani aliyekuwa wa kwanza.

Hali hiyo ina faida na hasara zake. Faida ni kwamba mamia ya familia zimekula, zimevaa na zimesomesha watoto kwa mtindo ambao mtu mmoja aliugawa bure. Sheria za hakimiliki hulinda kazi yenyewe iliyoundwa na msanii, wala haziulindi mtindo. Hata zingeulinda, huenda Tingatinga mwenyewe asingewafungia vijana wake mlango, kwa maana alikwisha kuufungua kwa hiari yake.

Hasara ni kwamba urahisi wa kuiga umeyajaza masoko picha zinazofanana kama matofali, zilizochorwa haraka haraka ili mtalii asiondoke mikono mitupu. Kwa muda mrefu baadhi ya wasomi walizidharau zote pamoja kuwa bidhaa za watalii, zisizostahili kuitwa sanaa. Aidha, kadiri kazi halisi za Tingatinga zilivyopanda thamani miongoni mwa wakusanyaji wa Ulaya na Japani, ndivyo picha bandia zenye saini yake zilivyozidi kujitokeza.

Dharau hiyo ya wasomi inastahili kupimwa upya. Kweli Tingatinga alichora ili auze. Lakini fundi anayechonga mlango wa Lamu huuchonga ili auuze, na mfinyanzi hali kadhalika. Swali la haki ni kama alichokiuza kilikuwa chake, na jibu liko kwenye mbao zenyewe. Kabla ya mwaka 1968 hapakuwa na chui wa namna ile Dar es Salaam. Baada yake, wako kila mahali.

Somo hilo halipaswi kuwa geni katika maeneo kama Kesses. Huko, hatua chache kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi, kama ilivyo katika vituo vingi vya biashara nchini, mchoraji wa mabango hana jina. Yeye ndiye anayechora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha, kichwa kilichonyolewa kwenye kibanda cha kinyozi na maandishi ya kujipinda ubavuni mwa matatu. Hulipwa, akafunga makopo yake na kwenda, na mvua huanza kuifuta kazi yake msimu uo huo.

Rangi anayotumia ni ile ile ya mafuta, na shule aliyopitia ni ile ile ya kumtazama aliyemtangulia. Tofauti ni kwamba Tingatinga alichora kwenye ubao unaobebeka, akauweka mbele ya macho ya wenye fedha, na alipomaliza kila picha aliandika jina lake chini.

Katika kazi zake zilizosalia, jina hilo lingali linasomeka. Linamtaja mtu aliyetoka Tunduru hadi mkonge wa Tanga, ambako vibarua wenzake waliitwa kwa namba, na ambaye alipopata ubao wake mwenyewe hakusahau kuutia saini.